Sababu Isiyoulizwa: Wafichuzi na Kisasi Kazini Jijini Nairobi

Kisasi dhidi ya mfanyakazi aliyefichua uovu wa mwajiri wake hakiwezi kueleweka katika sheria ya kazi ya Kenya bila kwanza kujibu swali jingine, dogo kwa sura lakini zito kwa matokeo, nalo ni iwapo mwajiri anayemfuta mtu kazi analazimika kueleza kwa nini. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 hakulazimika. Mfanyakazi aliyepewa notisi, au mshahara wa muda wa notisi hiyo, alihesabiwa kuwa amepewa haki yake yote, na kwa kuwa sababu haikuhitajika kutajwa, kisasi hakikuwa na mahali pa kuonekana wala mtu wa kukiulizia. Namna sababu hiyo ilivyoingizwa katika sheria, hatua kwa hatua na kwa kuchelewa, ni historia ambayo kwa kiasi kikubwa ilichezwa Nairobi, katika ofisi za katikati ya jiji na baadaye katika majengo ya Westlands na vitongoji vya jirani, na wahusika wake wakuu walikuwa makarani na wakaguzi wa hesabu, watu ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kupokea karatasi, kuzisoma na kuzipitisha.

Mfichuzi, kwa maana itakayotumiwa hapa, ni mtu aliyepata kujua uhalifu, wizi au hatari kwa umma kwa sababu ya nafasi yake kazini, kisha akatoa habari hiyo kwa wakubwa wake, kwa vyombo vya dola, kwa Bunge au kwa wananchi. Si jasusi, kwa kuwa hakuingia kazini kwa hila, na si shahidi wa kawaida, kwa kuwa yale anayoyasema yanamgusa mtu anayemlipa mshahara. Katika jambo hili la mwisho ndimo tatizo lake lilipo.

Sheria ya kwanza ya kazi katika himaya ya Waingereza Afrika Mashariki, ile ya mabwana na watumishi ya mwaka 1906, ilimwona mfanyakazi kama mtu wa kuzuiwa asitoroke zaidi ya kuwa mtu wa kulindwa asifukuzwe. Kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuliweza kumpeleka gerezani. Sheria zilizofuata zilipunguza ukali huo bila kuugusa msingi wake. Mkataba wa Mahusiano ya Viwandani uliotiwa saini mwaka 1962 kati ya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi, pamoja na Mahakama ya Viwanda iliyoanzishwa mwaka 1964, vilifungua njia ya kupinga ufutaji wa kazi usio wa haki, lakini njia hiyo ilipitia katika chama cha wafanyakazi na katika ofisi ya Waziri wa Kazi, na mtu aliyekuwa peke yake hakuwa na mlango wa kubisha. Huyo alibakia chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 1976 na chini ya kanuni za mikataba zilizorithiwa kutoka Uingereza. Hata mwaka 1992, katika rufaa iliyoihusu kampuni ya Rift Valley Textiles, Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba kanuni za haki ya asili, yaani haki ya kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa, hazihusiani na mkataba wa kawaida wa ajira isipokuwa pale ambapo wahusika wenyewe wameziandika ndani ya mkataba huo. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya nchi wakati karani mmoja kijana wa Benki Kuu ya Kenya alipoanza kushangazwa na karatasi zilizokuwa zikipita mezani pake.

Jina lake lilikuwa David Sadera Munyakei. Aliajiriwa na Benki Kuu, katika jengo lake lililoko Haile Selassie Avenue, mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na akapangiwa kazi katika idara iliyoshughulikia malipo ya wauzaji wa bidhaa nje ya nchi. Malipo hayo yalikuwa na historia yake. Tangu mwaka 1974 serikali ilikuwa na sheria ya kuwafidia wenye viwanda waliouza bidhaa nje, ili kuwapa moyo wa kuleta fedha za kigeni, na kiwango rasmi kilikuwa asilimia 20 ya thamani ya mauzo. Kwa kuwa wakati huo fedha za kigeni zilidhibitiwa, kila muuzaji alijaza fomu iliyoitwa CD3, iliyoonyesha alichouza, alimuuzia nani na kwa bei gani. Forodha iligonga muhuri kwamba bidhaa zimetoka, benki ikathibitisha kwamba fedha za kigeni zimeingia, na kwa uthibitisho huo muuzaji akadai fidia yake. Utaratibu mzima ulisimama juu ya muhuri mmoja kuuamini mwingine.

Kampuni ya Goldenberg International, iliyoanzishwa na Kamlesh Pattni, na ambayo James Kanyotu, mkuu wa idara ya upelelezi wa usalama, alikuwa mmoja wa wakurugenzi wake, ilipewa haki ya pekee ya kuuza nje dhahabu na almasi, na juu ya asilimia 20 ya kawaida ikaongezewa 15, jumla 35. Kenya haina migodi ya almasi, na dhahabu yake ya magharibi mwa nchi ilikuwa ya wachimbaji wadogo. Hata hivyo fomu zilikuja, zikiwa na thamani kubwa kubwa na mihuri yote iliyotakiwa, na fidia ikalipwa. Hakukuhitajika utaalamu wa uchumi kuona kwamba kulikuwa na kasoro. Ilitosha kuwa karani anayesoma alichopewa. Baadaye tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Samuel Bosire ingeeleza kwamba miamala iliyohusishwa na mpango huo, ambao haukuishia katika fidia bali uliingia pia katika mikopo ya mauzo ya nje na biashara ya fedha za kigeni, ilifikia shilingi bilioni 158. Uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ulifanyika fedha hizo zikiwa zimemwagika mitaani, na mwaka uliofuata mfumuko wa bei ulifika takriban asilimia 46, hivyo kwamba mama aliyenunua unga Kawangware alikuwa akiilipia almasi isiyokuwepo.

Munyakei hakuwa na mahali rasmi pa kupeleka alichokijua. Wakubwa wake ndio walioidhinisha malipo, polisi walikuwa mikononi mwa serikali ileile, na tume ya kupambana na ufisadi ilikuwa bado haijaundwa. Nyaraka zikawafikia wabunge wawili wa upinzani, Paul Muite na Peter Anyang' Nyong'o, na mwaka 1993 habari za Goldenberg zikatajwa Bungeni. Serikali ilianza kwa kuuliza nani aliyetoa karatasi nje. Karani alikamatwa na kushtakiwa kwa Sheria ya Siri za Serikali, sheria iliyotungwa kwa ajili ya majasusi na mipango ya kijeshi. Kesi hiyo ilikwisha bila yeye kutiwa hatiani, lakini alipotoka mahabusu alikuta amekwisha kupigwa kalamu.

Inafaa kutazama kwa makini msimamo wake kisheria siku hiyo. Kama angekwenda Mahakama Kuu kudai kwamba amefutwa kwa kulipiza kisasi, jaji asingekuwa na haja ya kuuliza kama madai hayo ni ya kweli, kwa kuwa swali pekee lililokuwa mbele ya sheria lilikuwa kama notisi ilitolewa au kulipwa. Fidia kubwa kuliko zote ambayo angeweza kuitarajia ingekuwa mshahara wa muda wa notisi. Kwa maneno mengine, Benki haikuhitaji hata kusema uongo kuhusu sababu ya kumfukuza. Wanahistoria wa kashfa hiyo wamezoea kuulaumu woga wa watu binafsi, na woga ulikuwepo, lakini sheria yenyewe ilikuwa imeupangia woga huo bei nafuu sana.

Munyakei aliondoka Nairobi akaenda Mombasa, ambako alisilimu, akaoa na kuishi mbali na macho ya watu; baadaye alihamia kwa jamaa za mama yake katika nchi ya Wamasai ya Narok. Serikali mpya ilipoingia madarakani na kuunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Samuel Bosire mwezi wa Februari 2003, alitoa ushahidi wake hadharani, na mwaka 2004 shirika la Transparency International likamtunukia tuzo ya uadilifu. Tuzo haikuwa mshahara. Kazi yake haikurudishwa, na alifariki dunia Julai 2006, miezi michache baada ya ripoti ya tume kutangazwa, akiwa na umri wa miaka 38. Mwandishi Billy Kahora aliandika maisha yake kwa urefu, na ni kwa sababu ya maandishi hayo, zaidi ya kumbukumbu zozote za mahakama, kwamba kisa chake kinajulikana leo. Katika taarifa za sheria za Kenya hakuna kesi ya kazi yenye jina lake ambayo wanafunzi wa sheria wanaisoma; tukio kubwa kuliko yote la kisasi kazini nchini halikuacha hata hukumu moja ya kulikosoa.

Mwaka huohuo wa 2003 Bunge lilipitisha Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi, ambayo kifungu chake cha 65 kinakataza hatua yoyote, ikiwemo ya kinidhamu, dhidi ya mtu kwa sababu ya taarifa aliyoipa tume ya kupambana na ufisadi au mpelelezi wake. Desemba 9 mwaka huo, katika mji wa Mérida nchini Mexico, Kenya ikawa nchi ya kwanza duniani kutia saini na kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Ufisadi, ambao kifungu cha 33 kinazitaka nchi zifikirie kuwalinda watoa taarifa. Yote mawili yalisifiwa. Lakini msomaji makini wa kifungu cha 65 ataona kwamba ulinzi wake unamfuata mtu anayekwenda katika tume, na haumtaji anayekwenda kwa mbunge. Kwa hiyo sheria iliyotungwa kwa uchungu wa Goldenberg isingemkinga kwa uhakika hata yule aliyeifichua Goldenberg. Na John Githongo, aliyekuwa Katibu wa Kudumu wa Maadili na Utawala Bora, ofisini mwa Rais mwenyewe, alijiuzulu akiwa London mwezi wa Februari 2005 baada ya kuchunguza kashfa ya kandarasi za serikali iliyojulikana kama Anglo Leasing. Hata cheo hicho kikubwa hakikutosha kumkinga.

Mabadiliko ya kweli yalikuja kwa mlango mwingine, na bila kelele. Mwaka 2001 serikali iliunda kikosi cha kupitia sheria za kazi chini ya Saeed Cockar, jaji aliyeiongoza Mahakama ya Viwanda kwa miaka mingi, na matunda yake yalikuwa sheria tano zilizopitishwa mwaka 2007. Sheria ya Ajira, iliyoanza kutumika Juni 2008, ilifuata kwa karibu Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1982, ingawa Kenya yenyewe haikuuridhia mkataba huo, tofauti na jirani yake Uganda. Kifungu cha 41 kinataka mfanyakazi aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa na asikilizwe akiwa na mwenzake pembeni. Cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu ya kumwachisha. Cha 45 kinakataza kuachisha mtu kazi isivyo haki. Na cha 46 kinaorodhesha mambo ambayo kamwe hayawezi kuwa sababu halali, kama vile ujauzito, uanachama wa chama cha wafanyakazi, na kupeleka malalamiko au kesi dhidi ya mwajiri, isipokuwa pale ambapo malalamiko hayo ni ya kizembe na hayana msingi. Kwa mara ya kwanza mfanyakazi wa kawaida, aliye nje ya chama, aliweza kumlazimisha mwajiri wake aseme. Katiba ya mwaka 2010 ikaimarisha hatua hiyo kwa kifungu cha 41 kinachompa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini, na Mahakama ya Viwanda ikapandishwa hadhi kuwa sawa na Mahakama Kuu, kisha ikaitwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mwaka 2019, katika shauri la kampuni ya Kenfreight, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba kulipa notisi peke yake hakumwondolei mwajiri wajibu wa kuwa na sababu halali. Kanuni ya 1992 ikawa imezikwa.

Hata hivyo sababu inayotajwa si lazima iwe sababu ya kweli, na hapa ndipo Westlands inapoingia katika historia hii kwa uzito wake. Tangu miaka ya 1990 benki, kampuni za ukaguzi na mashirika zilianza kuuhama msongamano wa katikati ya jiji kwenda Upper Hill na Westlands, na kitongoji kilichokuwa cha makazi na maduka ya Wahindi kikawa mahali pa minara ya vioo na mikataba ya ajira ya miaka miwili miwili. Imperial Bank, iliyokuwa na makao yake makuu Westlands, ilifungwa na Benki Kuu Oktoba 13, 2015, wiki chache tu baada ya kuuzia umma hati za dhamana za shilingi bilioni 2, pale bodi yake ilipoeleza kwamba ulaghai mkubwa umegunduliwa baada ya kifo cha mkurugenzi mkuu mwezi mmoja kabla. Kiasi kilichotajwa katika kesi zilizofuata kilikuwa takriban shilingi bilioni 34. Chase Bank, ya Riverside Drive, ilifuata Aprili 2016 baada ya kuchapisha hesabu mbili zisizolingana ndani ya muda mfupi. Mikopo isiyoandikwa vitabuni haipiti bila mikono ya watu wengi: wapo wanaoingiza takwimu kwenye kompyuta, wanaosawazisha hesabu jioni, wanaotuma fedha. Jambo la kushangaza kuhusu Imperial Bank ni kwamba mambo yalidumu kwa miaka, na kwamba kilichoyafungua ni kifo cha mtu mmoja, si sauti ya mfanyakazi.

Kimya hicho kina maelezo. Miaka kumi kabla, Peter Odhiambo, mkaguzi wa ndani wa Charterhouse Bank, alikuwa amepeleka kwa vyombo vya serikali nyaraka kuhusu akaunti alizozitilia shaka, na ingawa benki hiyo iliwekwa chini ya usimamizi wa Benki Kuu mwaka 2006, na wenye benki wakakana tuhuma, yeye mwenyewe aliishia kuihama nchi na kwenda Marekani. Kila mfanyakazi wa benki jijini alikijua kisa hicho. Na sheria ya 2007, pamoja na wema wake, ilikuwa na mianya ambayo wakili yeyote wa mwajiri angeweza kuipita akitembea. Kifungu cha 43 kinahesabu kuwa sababu yale ambayo mwajiri aliamini kwa dhati kuwa yapo wakati anamwachisha mtu, na imani ya mtu ni kitu kigumu kukichunguza. Mfanyakazi anaweza kuondolewa kwa jina la kupunguza wafanyakazi, utaratibu ambao sheria inauruhusu kwa notisi ya mwezi na malipo ya siku 15 kwa kila mwaka wa utumishi, na kiti chake kikajazwa baada ya robo mwaka chini ya cheo kingine. Mwenye mkataba wa muda maalumu hafutwi kabisa. Mkataba wake unaachwa ufe wenyewe, na mahakama kwa kawaida zimekataa kumlazimisha mwajiri aufufue. Na hata akishinda, kikomo cha fidia chini ya kifungu cha 49 ni mshahara wa miezi 12, kiasi ambacho benki kubwa inaweza kukiandika kama gharama ya kawaida ya mwaka. Amri ya kurudishwa kazini ipo, lakini haiwezi kutolewa miaka mitatu ikiisha kupita tangu kufutwa, na majaji huitoa kwa nadra.

Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 ilijaribu kuziba sehemu ya mianya hiyo. Inamtaka mwenye mamlaka, hata katika kampuni binafsi, aripoti hongo ndani ya saa 24, na kifungu chake cha 21 kinafanya kuwa kosa la jinai kumshusha cheo, kumfuta, kumtisha au kumhamisha kwa nia mbaya mtu aliyetoa taarifa, kwa adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni moja au kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Uzuri wa kifungu hicho ni kwamba kimeutambua uhamisho kuwa silaha, jambo ambalo mtumishi yeyote wa serikali aliyejikuta ghafla kituo cha mbali na familia yake angeweza kuwaeleza watunga sheria miaka mingi mapema. Lakini kinahusu hongo. Mfamasia anayefichua dawa mbovu au mhandisi anayefichua jengo lenye ufa habebwi nacho. Sheria pana ya kuwalinda wafichuzi iliandikwa na kuandikwa upya kwa zaidi ya muongo mmoja, na kufikia mwaka 2024 ilikuwa bado mswada, ilhali Uganda ilikuwa na yake tangu 2010, inayompa mtoa taarifa asilimia 5 ya fedha zinazookolewa, na Tanzania tangu 2015. Uingereza, iliyoirithisha Kenya kanuni ya notisi, ilikwisha kuondoa kikomo cha fidia kwa wafichuzi kwa sheria yake ya 1998. Ni vigumu kuona ucheleweshaji wa Nairobi kuwa ni wa bahati mbaya.

Shauri lililolirudisha suala hili mbele ya majaji halikutoka benki wala serikalini. Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini, aliletwa Nairobi mwaka 2019 na kampuni ya Sama kuchuja picha na video za kikatili kwa niaba ya Facebook. Akajaribu kuwaunganisha wenzake wadai mazingira bora, na akafutwa kazi mwaka huohuo. Kampuni ilikana kwamba ilimfuta kwa sababu hiyo. Mwezi wa Februari 2022 alisimulia hadharani aliyoyaona, ingawa mkataba wake ulikuwa na kipengele cha usiri, na Mei mwaka huo akafungua kesi katika Mahakama ya Ajira jijini Nairobi dhidi ya Sama na dhidi ya Meta, inayomiliki Facebook. Kinga ya usiri iliyokuwa mikononi mwa dola mwaka 1993 sasa ilikuwa katika karatasi ya mkataba binafsi, na mwajiri alikuwa amejigawa mara mbili, mmoja akitia saini barua za ajira na mwingine akinufaika na kazi. Meta ilijibu kwamba si mwajiri wake, haifanyi biashara Kenya, na kwa hiyo haiwezi kuulizwa lolote na mahakama ya Kenya. Februari 6, 2023, Jaji Jacob Gakeri aliikataa hoja ya kuiondoa Meta katika kesi, na Septemba 20, 2024, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye, hivyo kwamba swali la kwa nini mtu huyo alifutwa kazi, ambalo miaka 31 kabla hakuna jaji angelazimika kulisikiliza, likaruhusiwa kwenda kusikilizwa.